Laptopu Yangu na Mtatariko Kwenye Kaseti za Bibi

"Paukwa!" anasema bibi, na kabla watoto hawajaitikia "Pakawa!" kinaingia kitu katikati: ta-ta-tak, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na tone la maji. Watoto wanaitikia, bibi anaendelea na ngano yake, zinapita sekunde nane au tisa sauti iko safi, halafu tena: tak, ta-tak.

Ndivyo nilivyousikia ugonjwa wa laptopu yangu mara ya kwanza, usiku wa mwezi wa tatu mwaka jana, chumbani kwangu Ngamiani hapa Tanga. Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti na waandishi hunitumia mahojiano waliyorekodi, nayaandika neno kwa neno, nalipwa kwa dakika za sauti. Mashine ikikwaruza, neno linapotea, na neno likipotea naandika kitu ambacho mtu hakukisema. Hilo kwangu ni jambo zito hata kama aliyehojiwa simjui. Safari hii aliyekuwa anakatwa maneno alikuwa bibi yangu mzaa baba.

Bibi alifariki mwaka 1994. Sauti yake imebaki kwenye kaseti saba ambazo baba mdogo alizirekodi Pangani mwaka 1987, kwa redio kaseti aliyorudi nayo kutoka melini. Tano ni za dakika 60, mbili za dakika 90. Mna ngano, vitendawili, nyimbo za kutwangia, na mahali pamoja mnasikika mabishano marefu kuhusu bei ya nazi. Kaseti hizo zimekaa kwenye kopo la biskuti miaka zaidi ya 30, katika hewa ya pwani ambayo hata msumari ndani ya mbao inaufikia. Niliamua kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, na nilijua kwamba utepe wa zamani hivyo hauchezeshwi ovyo. Kila ukipita kwenye kichwa cha redio unaacha vumbi kidogo la rangi ya kutu, na vumbi hilo ndilo lenye sauti.

Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kubahatisha.

Nilichofanya kwanza ni kile ambacho watu wengi tunafanya: niliipeleka kwa fundi. Kijana mwenye adabu, alinipokea kwa shikamoo, akaniwekea kiti, akafungua wimbo mmoja, akasikiliza kama sekunde kumi. "Dada, hii spika imekufa." Nikalipa shilingi 45,000, akabadilisha zote mbili, nikarudi nyumbani. Usiku uleule bibi akasema paukwa, na mtatariko ukawa palepale.

Simlaumu kwa ubaya. Lakini toka siku ile nina msimamo kuhusu jambo hili: fundi anayefungua mashine kabla ya kusikiliza mlio umetoka wapi, hajaanza kazi. Kuna maswali manne ya kuiuliza laptopu inayokwaruza, hayahitaji bisibisi hata moja, na yangeniokolea zile 45,000.

Swali la kwanza: chomeka hedifoni. Mkwaruzo ukiisha, basi kweli tatizo liko kwenye spika au njia inayoelekea huko. Ukibaki, spika haina hatia, kwa sababu umeshaiondoa kwenye safari na mgonjwa bado anakohoa. Mimi nilipochomeka hedifoni, mtatariko ulikuja ndani ya masikio, wazi kuliko mwanzo.

La pili, chezesha faili lilelile mara mbili na uandike dakika na sekunde za kila mkwaruzo. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na sijui kwa nini halisemwi zaidi. Mkwaruzo ukirudi kwenye sekunde ileile kila mara, umo ndani ya faili, ulizaliwa siku ya kurekodi. Ukihama, leo sekunde ya 14, mara ya pili sekunde ya 22, basi unazaliwa sasa hivi, mbele yako, ndani ya mashine. Nilichukua daftari nikachora safu mbili. Kwenye mahojiano ya kazini, ambayo nilijua fika kwamba ni masafi, mikwaruzo ilihama kila mara. Mashine ndiyo iliyokuwa inaitengeneza.

La tatu, angalia kama mkwaruzo unakuja sauti inapopanda tu. Spika iliyochanika kitambaa chake, au iliyonaswa na vipande vidogo vya chuma (sumaku yake huvivuta, hasa kama meza iko karibu na mtu anayekata vyuma), hukoroma kwenye sauti nzito na kwenye vishindo, kisha inatulia mtu akinong'ona. Wangu haukujali. Ulikata popote, hata kwenye kimya.

La nne, chomoa chaja. Hilo nitalirudia, maana lina habari yake.

Nikawa na jibu la nusu: si spika, si faili, ni kitu ndani. Lakini kitu gani? Nilifungua ile orodha ya Windows inayoonyesha kazi za prosesa, ubongo wa kompyuta, nikakuta inafanya kazi asilimia 6. Mashine ilikuwa imekaa kama mtu barazani baada ya chakula, na bado inashindwa kucheza sauti ya kaseti. Hapo nikakwama siku mbili nzima, mpaka nilipopita jirani na kiwanja wanapojenga, nikasimama kuangalia watu wakimwaga zege.

Ghorofa ya kwanza, hawana mashine ya kupandishia. Wamepanga mstari kutoka chini kwenye mchanganyiko hadi juu, karai linapita mkono kwa mkono, na juu kabisa yuko fundi anamwaga na kusawazisha. Mstari ukienda vizuri, fundi wa juu hajui hata kwamba kuna mstari. Karai liko mkononi mwake kila anapolihitaji. Sasa akatokea mmoja wa katikati simu yake ikaita. Akasimama kuipokea. Hakuchoka, kazi haikuwa nyingi, watu walikuwa wa kutosha. Alisimama tu, kidogo. Juu fundi akanyoosha mikono, akakuta hewa.

Sauti ndani ya kompyuta huenda hivyohivyo. Haitiririki kama mto. Ni punje. CD ilipangiwa punje 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande, kushoto na kulia. Laptopu nyingi za sasa zinatumia 48,000. Punje hizo hubebwa kwa mafungu, na kwenye Windows fungu la kawaida ni la milisekunde 10, yaani punje 480 kwenye karai moja. Karai linalofuata lazima lifike kabla la kwanza halijaisha. Likichelewa, spika inakosa cha kucheza, wimbi lililokuwa njiani linakatwa ghafla, na mkato huo wa ghafla ndio sikio linalousikia kama "tak". Ukija mfululizo unakuwa mtatariko.

Ndiyo maana asilimia 6 haikunisaidia kitu. Prosesa inaweza kuwa na nafasi tele na bado karai likachelewa, kwa sababu kinachohesabiwa hapa ni nani aliyesimama katikati ya mstari, na amesimama kwa muda gani. Wanaosimama mara nyingi ni draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuongea na vifaa vyake: kadi ya picha, waifai, betri, diski. Draiva ina haki ambayo programu za kawaida hazina. Inaweza kuishika prosesa mkono na kuiambia ngoja kwanza. Iliyoandikwa vizuri inashika na kuachia haraka mno. Iliyoandikwa vibaya, au isiyopatana na toleo jipya la mfumo, inashika mpaka sauti inakatika.

Kumpata anayepokea simu mstarini kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon, ya Resplendence. Unaiwasha, unaiacha ikiangalia, wewe unaendelea na kazi zako za kawaida. Niliiacha dakika 20 huku nikichezesha mahojiano. Mistari yake ikaanza kijani, ikapanda, ikawa myekundu. Ilinionyesha kwamba kuna mara draiva moja ilishika prosesa zaidi ya maikrosekunde 12,000. Piga hesabu: hizo ni milisekunde 12, na karai langu ni la milisekunde 10. Jina la faili lililotajwa lilikuwa ndis.sys.

Ukiliona jina hilo usikimbilie kulifuta. ndis.sys ni ujia ambao mawasiliano yote ya mtandao hupitia ndani ya Windows. Kutajwa kwake kunakuambia kwamba tatizo liko upande wa mtandao, na mwenye kosa kwa kawaida ni draiva ya kadi ya mtandao inayopita humo. Nilizima waifai. Si kukata intaneti tu, nilizima kadi yenyewe. Mistari ikashuka. Nikaweka hedifoni, nikafunga macho, nikasikiliza mahojiano ya mzee mmoja wa Lushoto dakika 40 mfululizo. Hakuna tak hata moja. Nikaiwasha waifai, haikupita dakika mbili, mtatariko huo.

Nakumbuka nilivyokaa pale. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeanza kuamini kwamba masikio yangu yanaharibika, na kwa mtu anayekula kwa masikio hiyo si hofu ndogo.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko kuutafuta ugonjwa. Nilikwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, nikatafuta namba kamili ya mashine yangu iliyobandikwa chini, nikachukua draiva ya waifai iliyokusudiwa kwa mashine hiyo badala ya ile ya jumla ambayo mfumo ulikuwa umejiwekea wenyewe. Nikaingia kwenye sifa za kadi ile nikaondoa alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Nikaweka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu wakati wa kurekodi, kwa sababu prosesa inayolala na kuamka kila mara nayo huchelewesha makarai. Toka siku hiyo waifai inakaa imewashwa na sauti haikatiki. Hata hivyo nikiwa narekodi kitu kisichorudiwa, naizima. Sioni sababu ya kuitegemea.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mengi ambayo kila mtu huyapendekeza, na kwa haki yake niyataje, maana kwa mwenzio huenda ndiyo jibu. Nilizima viboreshaji vya sauti, vile vinavyodai kuongeza besi na kufanya sauti ijae. Kwenye laptopu nyingi ndivyo vyenye makosa, na hata visipokuwa na makosa havina kazi kwa mtu anayetaka kusikia neno lilivyosemwa. Sijavirudisha. Nilibadilisha draiva ya sauti, nikaweka ile ya kawaida inayokuja na Windows yenyewe: kwangu hakuna tofauti. Nikalinganisha kiwango cha punje, mfumo mzima ukae 48,000 na programu ya kurekodia ikae 48,000, ili mashine isipate kazi ya kubadilisha kutoka 44,100 kila sekunde. Mdogo wangu anayetumia Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, yeye alikuwa na mlio mwingine kabisa: "tak" moja tu, kila sauti inapoanza baada ya kimya. Hiyo ni kadi ya sauti inayozimwa ili kuokoa betri, kisha inaamka kwa kishindo. Aliongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, options snd_hda_intel power_save=0, akawasha upya, ikaisha.

Na tundu la hedifoni. Sisi wa pwani tulitazame tundu hilo kabla ya draiva yoyote. Chumvi inaingia, vijibati vya ndani vinaota ukungu wa kijani, na ukizungusha plagi kwa vidole sauti inakwaruza, inapotea upande mmoja, inarudi. Dawa ni pombe ya isopropili ya asilimia 99 kwenye pamba iliyosokotwa nyembamba, mashine ikiwa imezimwa kabisa, na subira ya kuacha ikauke. Mafuta ya taa hapana. Nimeona mtu akiyatumia, na uchafu uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kutu.

Sasa chaja. Mtatariko ulipoondoka, nyuma yake nikasikia kitu ambacho ulikuwa umekifunika: mvumo mzito, wa mfululizo, kama nyuki ndani ya mzinga uliofungwa. Ulikuwepo tu laptopu ilipokuwa imeunganishwa na redio kaseti kwa waya na zote ziko kwenye umeme. Nikachomoa chaja ya laptopu, kimya. Nikairudisha, mvumo. Nilipopitisha vidole taratibu kwenye ukingo wa chuma wa laptopu ikiwa kwenye chaja, nilihisi kitu kama mtetemo, kama ngozi inatekenywa na uzi.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hubadilisha mwelekeo mara 100 kwa sekunde, yaani mizunguko 50 ya kwenda na kurudi. Chaja ya laptopu kwa jinsi ilivyoundwa huvujisha kiasi kidogo sana cha umeme kwenda kwenye mwili wa mashine, na waya wa ethi, ule wa mguu wa tatu wa plagi, ndio unaoupokea na kuupeleka ardhini. Nyumba ninayoishi ni ya zamani. Soketi ina matundu matatu, lakini fundi umeme alipoifungua kwa ombi langu, nyuma ya tundu la juu hapakuwa na waya. Lilikuwa tundu la sura tu. Umeme uliovuja ukikosa ardhi hutafuta njia nyingine, na njia niliyoupa mimi ilikuwa waya wangu wa sauti.

Hilo ni kubwa kuliko kaseti. Ethi ipo ili mtu asife siku friji au pasi ikiharibika, na nyumba nyingi mtaani kwetu hazina. Mwenye nyumba tulikaa naye na mama mkwe wake tukazungumza, na baada ya mwezi ule ukapigwa mhimili wa ethi nyuma ya jiko, waya ukavutwa mpaka kwenye vyumba vyote vinne. Wakati nasubiri, nilirekodi kwa betri: laptopu kwenye betri yake, redio kaseti kwa mawe sita makubwa. Gharama ya mawe inauma, lakini kimya kile kilikuwa kizuri. Kwa anayesoma hili na ana tatizo kama hilo, tafadhali usikate mguu wa tatu wa plagi wala usitafute adapta ya kuukwepa. Mvumo unaweza kupungua, na kinga yako inaondoka nao.

Ikabaki kurekodi upya. Kaseti mbili za kwanza nilikuwa nimeshazihamisha wakati mashine inaumwa. Nikafanya jaribio langu la safu mbili juu ya faili hizo: mikwaruzo haikuhama. Mtatariko ule ulikuwa umeingia ndani ya sauti ya bibi na kukaa. Punje zilizodondoka siku ya kurekodi hazirudi, hata utengeneze mashine kiasi gani baadaye. Ilinibidi nizichezeshe kaseti zile mara ya pili.

Safari hii nilijipanga. Kwanza, nilinunua kifaa kidogo cha kuingizia sauti kwa njia ya USB chenye tundu la laini, lile linalopokea sauti yenye nguvu kama ya redio. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la hedifoni na maikrofoni pamoja, na sehemu yake ya maikrofoni husubiri sauti dhaifu, ya upande mmoja. Ukiipa sauti ya redio kaseti inazidiwa, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, unapata mkwaruzo mwingine ambao nao hautoki. Kwenye Audacity, programu ya bure ambayo imekuwepo tangu mwaka 2000, niliweka kiwango ili bibi anapopaza sauti kilele kisizidi desibeli −6, na nikarefusha akiba ya sauti kutoka milisekunde 100 hadi 200. Akiba ndefu ni kama kuwa na makarai mawili matatu yamelazwa juu karibu na fundi. Mtu akisimama kidogo kule chini, juu kazi haikatiki. Unapojisikiliza moja kwa moja akiba ndefu inasumbua kwa kuchelewesha, lakini kwa kaseti haina hasara yoyote.

Kaseti ya kwanza ilikwenda. Ya pili, upande wa pili, sauti ikaanza kufifia na kuwa nzito kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Nikasimamisha haraka. Nikaitoa, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya ukingo wa chini wa kaseti, nyuma ya utepe, huwa kuna kipande cha bati jembamba chenye kitambaa kidogo, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kazi yake ni kuusukuma utepe uguse kichwa cha redio. Gundi ilikuwa imekauka na kitambaa kimeanguka. Kilikuwa kinacheza ndani. Baba mdogo, Mungu ampe afya, alikuwa amenunua kaseti zenye skrubu. Nikachukua kaseti nyingine isiyo na maana, ya skrubu tano vilevile, nikazifungua zote mbili juu ya taulo jeupe. Nikahamisha magurudumu mawili na utepe wote kwenda kwenye nyumba mpya, nikiushika kwa kibanio, bila kuugusa kwa kidole. Ilinichukua saa nzima. Nilipobonyeza kitufe, bibi akarudi na sauti yake kamili, akiwa katikati ya sentensi ileile.

Kaseti saba zikaisha kwa siku kumi na moja. Nilisikiliza kila moja mwanzo hadi mwisho na daftari langu mkononi. Sita ni safi, ukiacha mfoko wa kawaida wa utepe. Kwenye ya tano, upande wa kwanza, kuanzia dakika ya 9, nikausikia tena: ta-tak, tak, ta-ta-tak.

Mikono ilinilegea. Nikarudisha faili nyuma, nikaandika sekunde. Nikachezesha tena: sekunde zilezile. Basi si mashine inayocheza. Huenda ikawa siku ya kurekodi, nikawaza, kwa hiyo nikachezesha kipande kile cha kaseti yenyewe kwenye redio, bila laptopu, kwa mawe. Ta-tak, palepale, bibi anaposema "akapita msitu, akapita nyika". Mlio ule ulikuwa kwenye utepe tangu 1987.

Audacity ina chombo cha kuondoa milio kama hiyo. Unachagua kipande, unaamua ukali, chenyewe kinatafuta vilele vya ghafla na kuvisawazisha. Nilifanya hivyo juu ya nakala. Ikatoka sauti laini, imenyooka, bibi peke yake. Nikaweka nakala zote mbili kwenye simu na Jumamosi nikapanda gari kwenda Pangani kwa shangazi, ambaye kwenye kaseti zile ni mmoja wa wanaoitikia pakawa, akiwa na sauti nyembamba ya msichana wa miaka 13.

Nilimwekea ile iliyosafishwa kwanza. Akasikiliza amekunja mikono, akatikisa kichwa kwa furaha, akamtaja mama yake mara mbili. Kisha nikamwambia, "Shangazi, na hii ndiyo kabla sijaisafisha, ina mikwaruzo kidogo, unisamehe," nikabonyeza.

Ta-tak, tak.

Shangazi aliinua mkono. "Rudisha."

Nikarudisha. Akainama mpaka sikio lake likagusa simu.

"Mikwaruzo gani, mwanangu? Hivyo ni vifuu. Siku hiyo mvua ilinyesha, kuni zote zililoa, mama akapikia vifuu vya nazi. Mimi ndiye niliyekuwa navisukuma jikoni. Sikiliza, sasa hivi ataniambia nisogee nisiungue."

Tukasikiliza. Ta-ta-tak. Bibi akakatiza ngano, akasema kwa sauti ya chini ambayo wiki nzima nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kama maneno yasiyosikika: "We, sogea hapo, utaungua." Halafu akarudi msituni na nyikani.

Nilifuta ile nakala iliyosafishwa palepale mkekani, na shangazi akaomba nimwekee tena tangu mwanzo.